Jina, Mlima na Mpaka: Jiografia ya Masikizi katika Vitabu vya Safari vya Enzi ya Ukoloni

UTANGULIZI

Mkataba uliotiwa sahihi baina ya Uingereza na Ujerumani tarehe 1 Julai 1890 una sharti moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa dogo. Mkataba huo waeleza kwamba mpaka wa maeneo ya madola hayo mawili, magharibi ya Ziwa Victoria, utafuata latitudo ya digrii 1 kusini ya Ikweta hadi ukutane na mpaka wa Dola Huru ya Kongo. Kisha lafuata sharti lenyewe: eneo la Wajerumani halitakuwa na mlima uitwao Mfumbiro. Iwapo mlima huo utaonekana kuwa kusini ya mstari, basi mstari upindwe ili uuache nje ya eneo la Wajerumani, kisha urejee kwenye kikomo chake kilichotajwa.

Mlima huo haukuwako. Ilikuwako safu ya milima minane mikubwa ya volkano, iliyoenea kutoka Muhavura upande wa mashariki hadi Nyamuragira upande wa magharibi, na kila mlima ulikuwa na jina lake. Mlima mmoja wenye jina la Mfumbiro, uliosimama peke yake kama ulivyodhaniwa na waliotia sahihi, haukupata kuonekana na mtu yeyote aliyekwenda kuutafuta. Hata hivyo, jina hilo liliongoza mabishano ya madola matatu kwa muda wa miaka 20, na mabishano hayo yaliamua ni nani kati ya wasemaji wa Kinyarwanda atakayekuwa raia wa Uganda, ni nani wa Kongo, na ni nani wa Rwanda.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi neno lililosikiwa njiani lilivyoingia katika kitabu cha safari, kutoka kitabuni likaingia katika ramani, kutoka katika ramani likaingia mkatabani, na mwishowe likaja kuwa mawe ya mpaka yaliyosimikwa ardhini. Hoja yake ni kwamba jambo hili, ambalo kwa kawaida huachiwa wanahistoria na wanajiografia, lina sehemu kubwa iliyo ya taaluma ya lugha, na kwamba sehemu hiyo haiwezi kushughulikiwa ipasavyo na mtu mwingine ila mtaalamu wa lugha za Kiafrika.

KUPIMA, KUONA NA KUSIKIA

Kitabu cha safari cha karne ya 19 kina maarifa ya aina tatu. Kuna yaliyopimwa kwa vyombo, kuna yaliyoonwa kwa macho, na kuna yaliyosikiwa kutoka vinywani mwa watu. Tatizo ni kwamba aina zote tatu huandikwa kwa sauti ile ile ya uhakika, na zinapofika katika ramani huchorwa kwa wino ule ule. Msomaji wa Ulaya hakuwa na njia ya kujua ni mto upi uliovukwa na mwandishi, na ni upi uliotajwa tu na mchukuzi jioni kambini.

Hata yale yaliyopimwa hayakuwa sawa kwa uthabiti. Latitudo ilipatikana kwa kupima kimo cha jua au cha nyota, na msafiri mwangalifu aliweza kuipata kwa kosa la kilomita chache tu. Longitudo ilikuwa jambo jingine. Ilihitaji kujua tofauti ya saa kati ya mahali msafiri alipo na mahali pa kuanzia hesabu, nayo dunia huzunguka digrii 1 kwa kila dakika 4. Saa ikipotea kwa dakika 1 tu, mahali panasogea kiasi cha kilomita 28 mashariki au magharibi katika nchi zilizo karibu na Ikweta. Saa zilizobebwa kwa miezi mingi katika misafara, zikitikiswa na kupigwa na joto na unyevu, zilipoteza zaidi ya hapo. Njia nyingine, ya kupima umbali kati ya mwezi na nyota, ilikuwa ngumu na yenye makosa yake. Kwa hiyo ramani za bara zilizochapishwa London, Gotha au Paris zilikuwa na mistari ya kwenda mashariki na magharibi iliyokaribia ukweli, lakini milima na maziwa yalielea huku na huko kwenye mistari hiyo.

Pale ambapo msafiri hakupima wala hakuona, masikizi yalijaza nafasi. Mfano unaojulikana zaidi ni ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann, iliyotangazwa mwaka 1855 na kuzua mjadala mkubwa Ulaya. Katika ramani hiyo bara lote la mashariki lilikuwa na ziwa moja kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na kombe. Wamisionari hao walikuwa wamewahoji wafanyabiashara wa pwani kwa miaka kadhaa. Waliofuata njia ya Kilwa walisema kwamba mwisho wa safari ni ziwa. Waliofuata njia ya Unyamwezi na Ujiji walisema vivyo hivyo. Na waliojua habari za njia za kaskazini nao walitaja ziwa. Wote walisema kweli, kwa kuwa kila njia ilikuwa na ziwa lake: Nyasa, Tanganyika na Victoria. Kosa lilikuwa la aliyeunganisha habari tatu za kweli akapata ziwa moja la uongo. Burton na Speke walitumwa mwaka 1856 kwa sehemu kubwa ili kuamua suala hilo.

Majina ya maziwa yenyewe yanashuhudia mkasa huo wa lugha. Nyasa na nyanza ni maneno ya kawaida ya lugha za Kibantu za huko, yenye maana ya ziwa au maji mapana. Mgeni alipouliza jina la maji aliyoyaona akajibiwa kwamba hilo ni ziwa, aliandika jibu kama jina mahsusi, kisha akaongeza mbele yake neno la lugha yake lenye maana ile ile. Ukerewe, jina la kisiwa kimoja, lilitumiwa na wafanyabiashara wa pwani kwa ziwa lote, na wasafiri wa kwanza wakalipokea hivyo. Makosa haya hayakumdhuru mtu. Yangaliweza kumdhuru iwapo yangalitiwa katika mkataba.

NJIA YA JINA LA MFUMBIRO

Mwishoni mwa mwaka 1861 Speke na Grant walifika Karagwe, kwa mfalme Rumanika, wakiwa katika safari yao ya kutafuta chimbuko la Nile. Akiwa katika nchi hiyo Speke aliona kwa mbali, upande wa magharibi, vilele kadhaa vyenye ncha kali. Vilikuwa zaidi ya kilomita 100 kutoka aliposimama, na hakupata kuvikaribia. Aliuliza habari zake, akaandika jina Mfumbiro katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863.

Yafaa kufikiria jinsi jina hilo lilivyomfikia. Rumanika alijua Kiswahili, na Speke mwenyewe alieleza kwamba mfalme huyo aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Lakini Speke hakukimudu Kiswahili. Katika safari zake zote mbili alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni na kukaa Bara Hindi kwa miaka mingi. Mazungumzo yao yalikuwa kwa Kihindustani. Hivyo habari iliyotolewa na mtu wa Karagwe katika lugha yake, au katika Kiswahili cha bara, ilipita kwenye Kiswahili cha msafara, ikaingia Kihindustani, na mwisho ikaandikwa Kiingereza. Kila kituo kilikuwa na mazoea yake ya viambishi na ya matamshi.

Mazoea ya Kiswahili yanajulikana vyema. Majina ya nchi yanayoanza na bu- katika lugha za maziwa makuu yalitamkwa na watu wa pwani kwa u-, kama ilivyo kanuni ya Kiswahili: Buganda ikawa Uganda, Busoga ikawa Usoga, Burundi ikawa Urundi. Mabadiliko hayo yalikuwa na nguvu hata jina la dola moja huru la leo, Uganda, limebaki katika umbo lake la Kiswahili, ilhali Burundi ilirejea kwenye umbo lake la asili ilipopata uhuru mwaka 1962. Speke, kama Burton kabla yake, aliwaeleza wasomaji wake kanuni hii waziwazi: u- ni nchi, m- ni mtu, wa- ni watu, ki- ni lugha. Yaani alikuwa na ufunguo mkononi.

Sasa jina lenyewe litazamwe. Chini ya milima ya mashariki ya safu hiyo ipo nchi iitwayo Bufumbira. Kwa kanuni iliyotajwa, mtu wa pwani angaliiita Ufumbira au Ufumbiro, na umbo la Ufumbiro laonekana katika maandishi ya wasafiri wa baadaye, miongoni mwao Stanley. Umbo lenye m-, ambalo kwa kanuni ya Speke mwenyewe halifai kuwa la nchi, ndilo lililoshika. Kwa upande mwingine, kuna wanaovutiwa na kiishio -iro, ambacho katika lugha za eneo hilo huunda nomino za mahali kutokana na vitenzi, kama vile Kiswahili kinavyounda kimbilio kutokana na kimbilia. Katika Luganda, okufumba ni kupika na effumbiro ni jikoni. Na safu yenye volkano mbili zitoazo moshi na moto hadi leo, Nyiragongo na Nyamuragira, yaweza kweli kufananishwa na meko.

Lolote litakalochaguliwa kati ya maelezo hayo mawili, tokeo ni moja. Iwapo neno ni la nchi, basi lilihusu ardhi pamoja na watu wake. Iwapo ni la sifa, basi lilihusu safu nzima au sehemu yake. Hakuna njia ya kisarufi inayolifanya kuwa jina la mlima mmoja. Wenyeji waliokaa chini ya milima hiyo walikuwa na majina yaliyopambanua kila kilele: Karisimbi, jina linalohusishwa na weupe wa simbi kwa sababu ya theluji na mvua ya mawe inayokifunika kilele kwa nyakati fulani, Sabinyo, linalohusishwa na meno kwa sababu ya kilele kilichochongoka, na mengineyo. Walipotaka kuitaja yote pamoja, Kinyarwanda kiliwapa ikirunga, wingi wake ibirunga. Neno hilo la kawaida ndilo lililoingia Kiswahili na ramani zote kwa umbo la Virunga, likifuata mkondo ule ule wa nyasa na nyanza.

JINA LAINGIA MKATABANI

Mnamo mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba mpaka wake wa mashariki ni longitudo ya digrii 30, hadi digrii 1 na dakika 20 kusini, na kutoka hapo mstari mnyoofu mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Mstari huo ulipita katikati ya ufalme wa Rwanda, nchi ambayo hakuna hata mmoja kati ya waliouchora aliyekuwa ameiona. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mstari wa mashariki: kutoka mlango wa mto Umba, kupita chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, hadi mahali pwani ya mashariki ya Ziwa Victoria inapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini. Mwaka 1890 mstari ukaendelezwa magharibi kupita ziwani kwa latitudo hiyo hiyo, na sharti la Mfumbiro likaongezwa.

Sababu ya sharti hilo ilikuwa katika vitabu na habari za wasafiri. Stanley, aliporudi kutoka safari ya kumtafuta Emin Pasha mwaka 1889, alidai kwamba alikuwa amepatana na watawala wa sehemu hizo, na serikali ya Uingereza ikataka kuyahifadhi madai hayo. Wajumbe wa pande zote mbili walichukulia kwamba Mfumbiro ni mlima mmoja, na kwamba upo mashariki ya mpaka wa Kongo. La sivyo kusingalikuwa na maana ya kuugawanya baina yao wawili.

Ndipo vyombo vya kupimia vilipoanza kukanusha maandishi. Mwaka 1894 von Götzen alivuka Rwanda, akapanda Nyiragongo na kufika Ziwa Kivu. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Mwaka 1899 Grogan alipita katikati ya milima hiyo akielekea kaskazini, naye akaandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1900. Kadiri vipimo vilivyoboreshwa, ndivyo ilivyodhihirika kwamba milima yote minane imo kusini ya digrii 1, na yote imo magharibi ya digrii 30. Kwa mstari wa mwaka 1885 milima hiyo ilikuwa ya Kongo. Kwa sharti la mwaka 1890 ilipaswa kutokuwa ya Wajerumani. Wajerumani nao walidai kwamba Rwanda ni ufalme mmoja uliokubali ulinzi wao, na kwamba milima hiyo ni ya Rwanda. Kila dola ilikuwa na karatasi yake.

Mnamo mwaka 1909 Waingereza walipeleka kikosi kutoka Uganda kuelekea Kivu, na hatari ya mapigano ikawa dhahiri. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 uliyamaliza mabishano kwa mapatano ya tarehe 14 Mei. Mwaka 1911 tume ya mpaka ilifanya kazi juu ya milima yenyewe, na mstari ukapitishwa vileleni: Sabinyo ukawa mahali zinapokutana nchi tatu, na Mgahinga na Muhavura ukawa mpaka kati ya Uganda na Rwanda. Meja E. M. Jack wa Uingereza, aliyekuwa amepima sehemu nyingine ya mpaka wa Uganda na Kongo tangu mwaka 1907, aliandika kitabu juu ya kazi hiyo kilichochapishwa mwaka 1914. Kitabu hicho ni mfano mzuri wa aina hii ya maandishi katika hatua yake ya mwisho: hesabu za pembetatu na theodolaiti zimekaa pamoja na habari za kuwinda. Kwa Jack jina la Mfumbiro halikuwa na kazi tena. Lakini lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake.

MPAKA KWA WASAFIRI WA PWANI

Ingefaa kulinganisha maandishi hayo na yale ya Waswahili waliosafiri katika nchi zilezile. Tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ilichapishwa Berlin kwa Kiswahili mnamo miaka ya 1902 na 1903. Kabla yake, mwaka 1901, Velten alikuwa ametoa mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, ambamo mna safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande. Maandishi hayo hayana digrii. Umbali huhesabiwa kwa siku za mwendo. Mahali hutambulishwa kwa maji, kwa chakula kinachopatikana, na kwa jina la mwenye nchi.

Katika jiografia hiyo mpaka haukuwa mstari. Ulikuwa ni mahali ambapo mtu mwingine anaanza kudai hongo. Mfanyabiashara aliyepita Ugogo alijua kwamba ametoka katika nchi ya mtawala mmoja na kuingia ya mwingine pale alipotakiwa kutoa nguo na shanga upya. Mtawala akiongezeka nguvu, mpaka ulisogea, akidhoofika, ulirudi. Neno lenyewe lasaidia kufahamu fikra hiyo. Mpaka katika Kiswahili ni nomino, lakini pia ni kihusishi: mtu huenda mpaka Ujiji, hungoja mpaka jioni. Kwa matumizi hayo mpaka ni kule jambo linakofika, na kinachofika chaweza kufika mbali zaidi kesho.

Isidhaniwe kwamba maandishi ya Waswahili hayakuwa na masilahi yake. Waandishi hao walikuwa wafanyabiashara au watumishi wao, wengine wakiwa na bunduki na watumwa, na walizisawiri nchi walizopita kwa jicho la biashara. Thamani yao hapa ni kwamba waliandika juu ya mamlaka kama walivyoyakuta, yakiwa yamefungamana na watu. Mkataba wa mwaka 1890 uliyafunga mamlaka kwenye latitudo na kwenye jina la mlima.

MATOKEO

Bufumbira ilikuwa nchi ya wasemaji wa Kinyarwanda iliyokuwa chini ya athari ya mwami wa Rwanda. Mwaka 1910 iliingia Uganda. Jomba na Bwisha ziliingia Kongo ya Kibelgiji, pamoja na kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Uhuru ulipopatikana, Kongo mwaka 1960, Rwanda na Uganda mwaka 1962, mistari hiyo ilirithiwa, na mwaka 1964 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia mjini Cairo kuiheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru. Tangu hapo suala la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni miongoni mwa wasemaji wa Kinyarwanda nchini Kongo na Uganda limezuka mara nyingi, na limegharimu maisha ya watu. Si sahihi kuulaumu mkataba mmoja kwa yote hayo, kwa kuwa wahamiaji wa baadaye, siasa na vita viliongeza sehemu yake. Hata hivyo, anayesema leo kwamba lugha ya mtu fulani ni ushahidi wa ugeni wake anasahau kwamba lugha hiyo ilikuwako kabla ya mstari.

Latitudo hiyo hiyo ilileta msiba mwingine mashariki zaidi. Kati ya mto Kagera na digrii 1 kusini kuna ardhi ya Tanzania iliyobaki kaskazini ya mto, kwa kuwa mstari haukuujali mto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi hiyo, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni mto Kagera. Vita vilivyofuata vilimalizika mwaka 1979 kwa kuanguka kwa serikali yake. Na katika upande wa Kenya, mstari wa mwaka 1886 uliwapasua Wakuria, Wamaasai na Wadigo, ambao kila mmoja wao husema lugha moja katika nchi mbili.

HITIMISHO

Mkasa wa Mfumbiro wafundisha kwamba mpaka haukuanza siku yalipofika mawe na vyombo vya kupimia. Ulianza katika swali lililoulizwa kwa lugha moja na kujibiwa kwa nyingine, mbele ya vilele vilivyoonekana kwa mbali. Kosa la mwendo wa saa liliweza kusahihishwa na saa iliyo bora zaidi, na kwa hakika lilisahihishwa. Kosa la kiambishi halikuwa na chombo cha kulisahihisha, kwa sababu waliolisoma hawakujua kwamba kuna kiambishi.

Kazi hiyo ingali inangoja. Vitabu vya Krapf, Burton, Speke, Stanley, von Götzen na wengineo vina maelfu ya majina ya mito, vilima, vijiji na watu, yaliyoandikwa kwa masikio ya Kiingereza, Kijerumani au Kifaransa baada ya kupita katika Kiswahili cha misafara. Yanapochambuliwa kwa kufuata kanuni za ngeli na za sauti, na kulinganishwa na majina yanayotumiwa na wenyeji mpaka sasa, mengi yataonyesha ni nani aliyeulizwa, alijibu nini, na nini kilichopotea kabla ya jibu kufika kitabuni. Wanafunzi wa idara za lugha za Kiafrika wanaokwenda vijijini kukusanya msamiati wangeweza kuyakusanya majina hayo pia, pamoja na maelezo ya wazee juu ya mahali nchi zao zilipokomea zamani. Panapozuka mgogoro wa mpaka, mabaraza hufungua ramani na mikataba. Ni vyema kuwe na maandishi mengine mezani yanayoeleza majina yaliyomo katika ramani hizo yalikuwa na maana gani kwa watu waliokaa juu ya ardhi yenyewe.